KUPANGA SIKU YA MHUDUMU: ANAYEBISHA HODI NA ASIYEBISHA



Somo la mara hii ni la mapadre, masista, makatekista, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wanakamati wa maendeleo katika parokia zetu. Linahusu muda. Kila tukikutana na wahudumu wa Kanisa, iwe Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, wimbo ni ule ule: kazi ni nyingi, siku haitoshi, tumechoka. Ni kweli. Lakini tukikaa chini na daftari tunaona jambo lingine, nalo ni zito kuliko uchovu wetu. Muda wetu huchukuliwa na wale wanaojua kubisha hodi. Wale wasiobisha hukaa miezi bila kuona mtu. Kwa hiyo kupanga siku ni jambo la haki. Mpango mzuri unamlinda yule ambaye hana simu, hana nauli, na hajui mlango wa ofisi ya parokia uko wapi.

NAMNA YA KUTUMIA SOMO HILI

Unaweza kulisoma peke yako, lakini ni bora lisomwe na kikundi cha watu sita hadi kumi na wawili, kwa mikutano miwili ya saa moja na nusu. Kila mmoja alete Biblia, daftari na kalamu. Tutafuata njia ambayo wengi wenu mnaijua: TUONE, TUPIME, TUTENDE. Padre Mbelgiji Joseph Cardijn, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, aliwafundisha njia hii vijana wafanyakazi, na Papa Yohane wa 23 aliipendekeza katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961.

TUONE

1. Eneo moja, saa mbili

Kajiado ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 21,000. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 ilipata watu 406,000 hivi. Ile ya 2009 ikapata 687,000, na ile ya 2019 ikapita 1,117,000. Kitengela peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 150,000 mwaka huo wa 2019. Maana yake ni nini kwetu? Mahali ambapo zamani palikuwa na wafugaji na maduka machache, leo pana nyumba za kupanga, ghorofa juu ya ghorofa. Watu wameongezeka karibu mara tatu katika miaka 20. Siku ya mhudumu bado ina saa 24.

Tena watu hawa hawaishi kwa saa moja. Mtu wa Kitengela anaishi kwa saa ya matatu. Anatoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwenda Nairobi, au viwandani Athi River, au EPZ. Anarudi saa mbili au saa tatu usiku. Ukienda kumtembelea mchana utakuta kufuli mlangoni, ama msichana wa kazi na mtoto. Anapatikana jioni sana, Jumamosi alasiri, na Jumapili.

Mfugaji wa huko ndani, mbali na barabara ya Namanga, ana saa nyingine. Alfajiri ng'ombe wanakamuliwa. Jua likishapanda wanatolewa kwenda malishoni, na jioni wanarudishwa bomani. Akina mama wanafuata maji na kuni, na kiangazi umbali unaongezeka. Ukifika saa sita mchana utawakuta wazee na watoto wadogo tu. Na ukame ukizidi, wanaume hawapo kwa miezi, kwa sababu wamehama na mifugo. Kuanzia 2020 hadi mwanzo wa 2023 mvua zilikosa kwa misimu mitano mfululizo, na vigango vingine vilibaki na akina mama, wazee na watoto peke yao.

Sasa tutazame ofisi ya parokia. Kwa kawaida inafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Saa hizo mtu wa Kitengela yuko kazini na mfugaji yuko malishoni. Basi ni nani anakuja? Ni wale walio karibu na wenye nafasi. Hatuwalaumu. Lakini tusidanganyike kwamba foleni iliyo mlangoni kwetu ndiyo parokia nzima.

2. Nani anakula siku yetu?

Tuchukue mfano. Si mtu fulani, lakini makatekista wengi watajiona hapa. Jumatatu Mwalimu amepanga kwenda kuwaona wagonjwa wawili kigangoni. Saa mbili simu inalia: "Mwalimu, ile orodha ya harambee iko wapi?" Saa tatu anafika fundi wa tangi la maji, na funguo ziko kwa Mwalimu. Saa tano mama anataka cheti cha ubatizo kwa ajili ya shule ya mtoto. Saa saba kamati ya maandalizi ya sikukuu ya parokia inamwita "dakika kumi tu", na dakika kumi zinakuwa saa mbili. Saa kumi anaangalia jua na kusema, "Wagonjwa tutawaona kesho." Kesho mambo ni yale yale. Ijumaa mgonjwa mmoja anafariki.

Katika juma lile hakuna aliyefanya uovu. Kila kazi ilikuwa nzuri. Lakini mgonjwa hakupata Komunyo wala Mpako wa Wagonjwa. Padre hakuenda kwa sababu hakuambiwa, na hakuambiwa kwa sababu Mwalimu hakufika. Mgonjwa yule hakubisha hodi. Angebishaje?

3. Hesabu ndogo ya Misa

Kanuni ya 905 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba kwa kawaida padre huadhimisha Misa mara moja kwa siku. Mapadre wakiwa wachache, Askofu anaweza kumruhusu mara mbili kwa sababu nzuri, na Jumapili na sikukuu za amri hata mara tatu ikiwa mahitaji ya waamini yanadai hivyo.

Tuseme parokia ina padre mmoja, kanisa kuu la mjini, na vigango 12. Jumapili ana Misa tatu. Mjini wakipata moja, zinabaki mbili za vigango, na kila kigango kinapata Misa baada ya wiki 6. Sasa watu wa mjini wanaomba Misa ya pili, labda ya Kiingereza, labda ya watoto. Ni ombi la haki, kanisa limejaa mpaka nje. Wakipewa, inabaki moja tu ya vigango. Kila kigango kitangojea wiki 12, yaani Misa nne hivi kwa mwaka mzima.

Je, kuna mkutano ulioketi na kupiga kura kwamba watu wa vigango wangojee mara mbili zaidi? Mara nyingi hakuna. Watu wa mjini walibisha, wakafunguliwa. Watu wa vigango hawakuwepo siku ile, na pengine hawajui kwamba jambo liliamuliwa. Hatusemi Misa ya pili mjini ni kosa. Tunasema iamuliwe wakati viongozi wa vigango wameketi mezani, na hesabu hii ikiwa imeandikwa ubaoni.

TUPIME

Sasa tufungue Biblia. Someni kila sehemu polepole, halafu mkae kimya kidogo.

Marko 1:35-38. Jana yake Yesu aliwaponya wengi kule Kapernaumu, na mji mzima ulikusanyika mlangoni. Alfajiri, kukiwa bado giza, anaondoka kwenda kusali peke yake. Simoni na wenzake wanamfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Tungekuwa sisi tungerudi mbio. Yesu anasema waende kwenye vijiji vingine vya jirani, maana alikuja kwa ajili hiyo. Tuangalie mpangilio: kwanza sala, halafu uamuzi, halafu safari kwa wale ambao hawakuwa mlangoni. Watu wa Kapernaumu hawakuwa wabaya. Lakini Yesu hakukubali mlango mmoja ummalize.

Matendo 6:1-6. Kanisa la kwanza lilikuwa na shida kama yetu kabisa. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Hakuna aliyewachukia. Walisahauliwa kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na wao walikuwa wageni katika lugha. Mitume hawakusema, "Tutajitahidi zaidi." Hawakuongeza saa za kazi. Waliita jumuiya, wakataja wazi kazi ambayo wao hawawezi kuiacha, yaani sala na huduma ya Neno, na jumuiya ikachagua watu saba wa kushika ile nyingine. Majina ya wale saba ni ya Kigiriki. Walichukuliwa miongoni mwa watu wanaojua wajane wale wanaishi wapi.

Kutoka 18:13-26. Musa anaketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni. Mkwe wake Yethro anamtazama na kumwambia kwamba atajichosha yeye na kuwachosha watu pia. Hilo la pili huwa tunalisahau. Mhudumu anayefanya kila kitu anawachosha hata wale wanaomngojea.

Lakini someni pia Marko 5:21-43. Yesu yuko njiani kwenda kumwona binti wa Yairo, jambo la haraka kweli kweli. Mwanamke aliyeugua miaka 12 anagusa vazi lake, na Yesu anasimama. Hodi yake haikusikika kwa wengine, hata wanafunzi walishangaa. Basi mpango si ukuta. Mpango unatusaidia kuwa na nafasi ya kusimama.

Kuna na jambo la karibu na kwetu. Miaka ya 1960, kule Loliondo, Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Narok, alikuwako padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aitwaye Vincent Donovan. Misheni ilikuwa na shule, hospitali na shughuli nyingi, na mapadre walikuwa hawapumziki. Mwaka 1966 alimwandikia Askofu wake barua. Alieleza kwamba pamoja na kazi yote ile, karibu hakuna aliyekuwa akiongea na Wamasai juu ya Mungu. Akaomba ruhusa aende bomani kuzungumza nao jambo hilo tu. Alipokubaliwa alipanga kuzitembelea jamii zao, kila moja mara moja kwa juma, kwa muda wa mwaka hivi. Baadaye, mwaka 1978, aliandika kitabu juu ya kazi hiyo.

Si lazima tukubaliane na kila alichofanya. Sisi wa maendeleo hatuwezi kusema shule na maji ni mambo madogo, hasa huku Kajiado. Lakini swali lake ni la kwetu pia: katika shughuli zetu zote, ni kazi gani tuliyotumwa kufanya ambayo hakuna anayeifanya?

TUTENDE

Hatua ya 1: Andika juma lako moja.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muda ni hivyo hivyo. Kwa siku saba andika kila saa ulifanya nini, wapi, na ni nani aliyeomba. Mwisho wa juma jumlisha saa katika mafungu manne: sala na kujisomea, watu walionijia, watu niliowafuata, nyumbani, chakula na usingizi. Usijihukumu. Tazama tu. Wengi watakuta fungu la tatu ndilo dogo kabisa.

Viongozi wa walei wafanye hesabu hii pia. Juma lina saa 168. Mama mwenyekiti wa jumuiya anayefanya kazi kiwandani, akilala saa 8 kila usiku, anabaki na saa 112. Kazi na safari zikichukua saa 14 kwa siku, kwa siku sita, hizo ni 84. Zimebaki 28, na ndani yake kuna kupika, kufua, watoto na Misa. Sasa sisi tunamwita kwenye jumuiya, CWA, kwaya na kamati ya maendeleo. Kila mkutano, pamoja na kwenda na kurudi, ni saa tatu. Tumechukua saa 12 kati ya 28. Halafu tunashangaa kwa nini ameacha uongozi, au kwa nini kuna kelele nyumbani kwake. Kabla ya kumpa mtu cheo cha pili, tumwulize ataacha kipi.

Hatua ya 2: Gawa kazi mafungu matatu.

Fungu la kwanza: kazi ambayo ni mimi tu naweza kuifanya. Kwa padre ni Misa, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa. Fungu la pili: kazi ambayo mwingine anaweza akifundishwa. Hapa ndipo penye utajiri. Vyeti, orodha, funguo, tangi la maji na stakabadhi havihitaji padre wala katekista. Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na halmashauri ya fedha. Basi mambo ya fedha yaende huko. Kanuni ya 230 inaruhusu walei, mahali penye uhitaji, kuongoza sala za liturujia na kugawa Komunyo kwa utaratibu wa sheria. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa. Na tangu 1976 maaskofu wa AMECEA waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo mbele katika mipango yao ya uchungaji. Watu saba wa Matendo tunao. Fungu la tatu: kazi ambayo hata ikiachwa hakuna atakayeumia. Iacheni.

Ukimpa mtu kazi mwambie mambo manne: kazi yenyewe ni ipi, iishe lini, ana ruhusa ya kuamua na kutumia kiasi gani, na atatoa ripoti kwa nani. Ukishampa, usimnyang'anye njiani. Akikosea kidogo, mwelekeze. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hatua ya 3: Tengeneza kalenda ya mwaka kabla ya ile ya juma.

Chukua karatasi kubwa yenye miezi 12 na kalamu za rangi. Rangi ya kwanza ni ya Liturujia: Majilio, Kwaresima na Kampeni yake, Pasaka, Kipaimara. Rangi ya pili ni ya mvua: za masika Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Mnajua udongo wetu mweusi. Ukilowa, gari linakwama na hata pikipiki inabebwa badala ya kubeba. Kwa hiyo ziara ndefu za vigango vya mbali ziwekwe Januari na Februari, na tena Juni hadi Septemba. Rangi ya tatu ni ya mifugo: waulizeni wazee wa kila kigango watu huhama lini na kuelekea wapi, na siku ya soko ni ipi. Usipange semina siku ya soko halafu ukasema watu hawana moyo.

Rangi ya nne ni ya likizo za shule, na hii tunaomba iwe nyekundu. Likizo, hasa ile ndefu ya Desemba, ndio wakati ambao wasichana wengi huwa katika hatari ya kukeketwa na kuozwa. Sheria ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji kabisa, lakini sheria haitembei bomani yenyewe. Tazameni kalenda zetu: Novemba na Desemba sisi tuko kwenye Majilio, Krismasi, harusi na hesabu za mwisho wa mwaka. Msichana wa miaka 11 habishi hodi. Basi ziara za familia, mazungumzo na akina baba na akina mama, na mipango pamoja na walimu na chifu, vifanywe kabla shule hazijafungwa. Namba 116 ya kusaidia watoto haitozi pesa. Iandikwe mlangoni mwa kila kanisa.

Hatua ya 4: Panga juma, ukianza na wasiobisha.

Njia yetu ya kawaida ni kuandika mikutano kwanza, na ziara zikaingia kwenye nafasi iliyobaki. Nafasi haibaki. Geuzeni. Huu ni mfano kwa parokia yenye mji na vigango vya ndani. Kila mmoja aubadilishe kufuatana na mahali pake.

Jumapili jioni: nusu saa ya kutazama juma linalokuja, padre, masista na katekista pamoja.
Jumatatu: mapumziko. Mtu mwingine anashika simu ya dharura kwa zamu.
Jumanne: vigango vya ndani. Kuondoka alfajiri ili kufika kabla ng'ombe hawajatoka, au kwenda Jumatatu jioni na kulala huko. Wagonjwa, wazee, mafundisho.
Jumatano: ofisi asubuhi. Saa mbili usiku, jumuiya moja ya mjini.
Alhamisi: kigango kingine, kama Jumanne.
Ijumaa: Komunyo kwa wagonjwa wa mjini asubuhi. Ofisi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, ili wafanyakazi waipate wazi.
Jumamosi: mafundisho, Kitubio, wachumba, na kamati moja tu.

Hatua ya 5: Panga siku kwa mambo matatu.

Jioni, kabla ya kulala, andika mambo matatu ya kesho. Si kumi. Moja kati ya hayo liwe la mtu asiyebisha. Alfajiri, baada ya sala, lisome tena na uanze nalo. Usijaze zaidi ya theluthi mbili za siku. Theluthi inayobaki ni ya yule mwanamke wa Marko 5, na ya matatu iliyoharibika.

Jambo dogo linalotusumbua sana: andikeni saa kwa maneno. Kwenye notisi ukiandika "3.00", mmoja atafika saa tatu asubuhi na mwingine saa tisa alasiri, na wote wana haki. Andika "saa tisa alasiri".

Hatua ya 6: Mikutano na simu.

Kila mkutano uwe na ajenda iliyotolewa siku tatu mbele, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Waliofika waanze. Tukiwangojea wachelewaji tunawafundisha waliowahi wachelewe mara nyingine. Jambo linaloweza kuamuliwa na watu wawili lisiitiwe kamati ya watu 15. Simu nayo iwe na saa zake. Ujumbe wa WhatsApp wa kikundi cha kwaya unaweza kungoja. Wakati wa kuongea na mgonjwa, simu ikae mfukoni.

Hatua ya 7: Mapumziko na nyumbani.

Hili tusilione kama anasa. Kanuni ya 533 inamruhusu paroko likizo ya mwezi mmoja kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo ya malipo kwa mwaka. Karani, mlinzi, mpishi na katekista aliyeajiriwa wote wamo. Kanisa linalohubiri haki lianze na hao. Na katekista wengi ni watu wa ndoa. Mke wake na watoto nao ni watu wasiobisha hodi, kwa sababu wanadhani wakibisha watakuwa wanamnyang'anya Mungu mtumishi wake.

"LAKINI WATU WATASEMA NINI?"

Watasema Fada ameringa, au Mwalimu amekuwa mkubwa. Ndiyo maana mpango usitoke chumbani kwa mtu mmoja. Upitishwe na halmashauri ya parokia, vigango vikiwepo, utangazwe Jumapili tatu mfululizo, na ubandikwe mlangoni pamoja na majina ya walioshika kila kazi. Vilevile mkubaliane dharura ni nini. Sisi tunapendekeza tatu: mgonjwa mahututi, msiba, na mtoto aliye hatarini. Kwa hizo, amsheni mtu hata saa nane usiku. Cheti cha ubatizo si dharura, hata kama shule inafungua kesho.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika parokia yetu ni watu gani wanaobisha hodi zaidi? Ni watu gani hatujawaona tangu Pasaka? Wataje kwa kigango na kwa mtaa.
2. Fanyeni hesabu ya Misa ya parokia yenu. Kila kigango kinangojea wiki ngapi? Ni nani aliyeamua?
3. Ofisi yetu iko wazi saa ambazo watu wako wapi?
4. Ni kazi gani mbili ambazo padre au katekista anafanya leo, na mtu mwingine angeweza kuzifanya baada ya mafunzo ya siku moja?
5. Kabla ya likizo ijayo ya shule, tutatembelea familia zipi, na ni nani atakwenda?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila mhudumu aandike juma lake moja, kama tulivyoeleza katika Hatua ya 1. Mkutano ujao kila mmoja alete kazi moja anayoikabidhi kwa mwingine, na jina la mtu mmoja asiyebisha hodi ambaye atamtembelea kwa saa alizozipata. Mwandike majina hayo katika kitabu cha kumbukumbu, na baada ya miezi mitatu mwulizane mmoja mmoja kama ziara zilifanyika.